Meno Nje

Mama Pacha hakusalimia. Aliingia studio, akaiweka picha juu ya kaunta ya kioo, akaigeuza ili mpiga picha aione vizuri, kisha akakunja mikono.

"Hii ulipiga wewe?"

Mpiga picha alivaa miwani. Mtaa mzima ulimwita Mzee Cheka, kwa sababu hakuna mteja aliyekalia stuli yake bila kuamriwa acheke. Hata waliokuja kupiga picha za vitambulisho, ambazo hazitaki mtu acheke, aliwachekesha kwanza ili uso uchangamke, ndipo akawaruhusu kunyamaza. Alikuwa na hakika kwamba uso wa binadamu ni kitu rahisi kwa mwenye macho, na kwamba yeye macho anayo.

"Niliipiga mimi," alisema. "Siku ya michezo shuleni kwa watoto. Ulikuja kuichukua mwenyewe, au umesahau?"

"Sijasahau. Sikuitazama vizuri, nilikuwa na haraka. Jana ndiyo nimekaa nayo."

Katikati ya picha alisimama mtoto wa kike mwenye fulana ya kijani, gunia la mashindano likiwa bado miguuni, machozi yakimteremka mpaka kidevuni. Kiatu kimoja kilichochungulia kutoka kwenye gunia kilikuwa na soli nene kuliko kawaida. Nyuma yake, juu kidogo ya bega, ulionekana uso wa mwalimu kijana. Kichwa kimerudi nyuma, macho yamefinywa, mdomo wazi, meno nje.

"Na huyu wa nyuma ni nani?"

Mzee Cheka alichangamka. "Huyo ni binti yangu! Ndiye mwalimu wao."

"Anafanya nini hapo?"

"Si unamwona? Anacheka. Siku ile alifurahi sana, hata mimi nilishangaa. Nilitaka kuikata picha ibaki ya mwanao peke yake, nikaona hapana, uso mzuri kama huu hautupwi."

"Kwa hiyo wewe, baba yake mzazi, unasema anacheka."

"Mpaka jino la mwisho!"

"Asante, mzee. Nilitaka nisikie kwa mtu mwenye macho."

Aliichukua picha yake akatoka. Mzee Cheka alimsindikiza kwa macho, akiwa amevimba kichwa kidogo. Alimwambia mkewe aliyekuwa chumba cha nyuma akikata fremu kwamba leo amekuja mteja anayejua kuthamini kazi, ila tu yeye mwenyewe hajui kucheka.

*

Familia iliishi nyuma ya studio. Vyumba viwili na ukumbi mdogo, na pazia zito lililotenganisha maisha na biashara, ingawa biashara ilipita chini ya pazia kila siku. Vipande vya kioo, vumbi la mbao na vikorokoro vya kamera vilikutwa mpaka chini ya vitanda. Mke ndiye aliyekata na kupigilia fremu. Alikuwa mtu wa maneno machache, labda kwa sababu mara nyingi alikuwa na misumari midogo mdomoni.

Binti yao alirudi jioni ile akiwa amebeba madaftari ya watoto na barua moja. Hakuvua viatu. Alikaa kwenye kochi akaushika mkoba mapajani kama mgeni.

"Karibu Mwalimu," baba yake alisema. Hakumwita kwa jina lingine tangu alipopata ile kazi. Dirishani kwa nje, pale wapita njia wanapochungulia bei, alitundika picha yake kubwa kuliko zote akiwa amevaa joho na kofia ya mahafali. Joho lilikuwa la studio, la kukodisha. Mahafali yenyewe yalikuwa bado, lakini Mzee Cheka alisema tofauti ni ndogo, mtihani umeshafanywa, kilichobaki ni matokeo tu, na matokeo ya mtoto wake anayajua.

"Baba, leo alikuja mama wa wale pacha?"

"Alikuja. Mama mmoja hivi, uso umekaza utadhani anadai kitu. Nikamchangamsha."

"Ulimwambia nini?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu mimi. Kwenye picha."

"Nilimwambia ukweli. Kwamba ulikuwa unacheka."

Binti alifumba macho. Mama akatoa misumari mdomoni.

"Amenishtaki kwa kamati ya wazazi," binti alisema polepole. "Anasema mtoto wake amelia mbele ya watu, na mimi mwalimu wake nimesimama nyuma namcheka kwa sababu ya mguu. Anasema hata baba yangu amekiri. Kamati inakaa Ijumaa."

"Amekiri! Nimekiri nini? Mimi nimekusifu!"

"Ndiyo hivyo, umenisifu."

Mambo yalikuwa hivi. Binti alikuwa mwalimu wa muda, na mwezi ule ndio Mwalimu Mkuu alipaswa kumthibitisha kazini. Akikutwa na kosa la kumdhalilisha mtoto, mkataba unaishia hapo hapo. Na shule nyingine yoyote itauliza aliondokaje pale. Hakuna mzazi anayempa mtoto wake mwalimu anayecheka vilema.

Mzee Cheka hakuwa mtu wa kukaa na jambo. Alivuta pazia, akawasha kompyuta, akaanza kuitafuta picha nzima kabla haijakatwa. Mkewe alisimama nyuma yake. Binti alibaki ukumbini.

"Hii hapa!" alipiga kelele. "Njoo, Mwalimu! Njoo uone!"

Picha nzima ilikuwa na mambo mengi. Kulia, mtoto na gunia lake, amefika wa mwisho. Kushoto, sehemu yote ambayo Mzee Cheka aliikata na kuitupa, ilionekana safu ya walimu wakivuta kamba dhidi ya wazazi, visigino vimezama mchangani. Binti yake alikuwa wa mwisho kwenye safu, kamba imemzunguka kiunoni, mikono imeishika kwa nguvu zote. Yeye na mtoto hawakuwa hata kwenye mchezo mmoja. Kamera tu ndiyo iliyowaweka pamoja.

"Kamba!" Mzee Cheka alipiga paja. "Umeona kamba? Kwisha habari yao. Naichapa kubwa, naipeleka Ijumaa, naiweka mezani. Tuone atasema nini."

Binti alikuja akaitazama kwa muda mfupi sana, kama mtu anayechungulia chungu cha moto.

"Sawa, Baba. Waambie nilikuwa navuta kamba. Basi."

"Na ulikuwa unafurahi."

"Waambie kamba tu."

"Lakini si ulikuwa unafurahi? Naujua uso huu tangu ukiwa mchanga. Nimeupiga picha kuliko uso wowote duniani. Ukicheka, jicho la kushoto ndilo linaanza kufinya..."

"Baba Mwalimu," mkewe alimkatiza, "mtoto hajala. Muache aende akale."

Mzee Cheka alimtazama mkewe. Ilimpitia kwamba wale wawili wameangaliana kwa namna fulani, lakini mtambo wa kuchapisha ulishaanza kunguruma, naye akageukia kazi.

*

Kamati ilikaa katika darasa la watoto wadogo kwa sababu ofisi ilikuwa inapakwa rangi. Viti vyote vilikuwa vya chekechea. Mwenyekiti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mwili wa kulingana na biashara yake, alikaa magoti yakiwa usawa wa kifua na akawa anaogopa kujitingisha. Mzee Cheka alipewa kiti chekundu chenye picha ya bata. Aliketi, akaiweka bahasha yake kubwa mapajani, akajikuta anawatazama watu wote kutoka chini. Si jambo dogo kutetea mtoto wako ukiwa umechuchumaa.

Mwalimu Mkuu, mama mwenye miwani ya mnyororo, alieleza shauri. Kisha akampa nafasi Mama Pacha.

Mama Pacha hakupaza sauti. "Nina watoto wawili waliozaliwa siku moja," alisema. "Mmoja anakimbia. Mwingine mguu wake mmoja ni mfupi. Nikipita nao barabarani, watu wanamtazama yule wa kwanza, wanamtazama wa pili, halafu wanacheka. Nikigeuka kuuliza, wananiambia walikuwa wanacheka jambo lingine. Kila siku ni jambo lingine. Sijawahi kumpata hata mmoja aliyekuwa anacheka jambo lenyewe. Basi nikasema, shuleni angalau, kwa mwalimu wake, mtoto atapumzika. Ndipo nikaiona picha hii."

Aliiweka mezani. Wajumbe waliinama kuitazama. Mjumbe mmoja, mama mnene mwenye kanga mpya, aliguna na kutikisa kichwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtoto analia, mwalimu meno nje.

"Mzee," Mwenyekiti alisema, "tunaambiwa una la kusema."

Mzee Cheka alitaka kusimama kwa heshima, lakini kiti kilimng'ang'ania makalioni, kikanyanyuka pamoja naye. Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko. Alijinasua, uso ukimwaka, akaitandaza picha kubwa juu ya meza.

"Hii ndiyo nzima. Nilikata hapa," akaonyesha kwa kidole, "kwa sababu ilikuwa ya mtoto. Ninyi tazameni huku. Hii ni nini? Kamba. Walimu wanavuta kamba. Mtu akivuta kitu kizito hufanyaje? Huuma meno, hukunja uso. Jaribuni wenyewe. Hayo si meno ya kucheka, ni meno ya nguvu. Wala hakumwona mtoto."

Wajumbe walisogea. Mwenyekiti alisahau kiti chake, akainama, kiti kikalia. "Kweli bwana," alisema. "Anavuta kamba. Hata mimi nilikuwa upande wa pili, niliteleza." Yule mama wa kanga naye akasema ahaa, sasa ameona, mwalimu maskini anavutana na nguvu za watu. Uso ule ule uliomfanya agune muda mfupi uliopita sasa ulimtia huruma.

Mzee Cheka aliona kazi imekwisha. Akamtupia binti yake jicho la ushindi. Binti alikuwa anatazama sakafu.

"Samahani," Mama Pacha alisema. "Mzee, siku ile dukani kwako ulikuwa hujui kuna kamba?"

"Nilijua... yaani, nilikuwa nimesahau."

"Nilikuuliza, anafanya nini? Ukasema nini?"

Mzee Cheka aliinamia bahasha yake.

"Ukasema anacheka. Ukasema alifurahi sana. Ukasema mpaka jino la mwisho. Mimi sikukulazimisha. Sasa leo, kwa kuwa kazi ya mwanao iko hatarini, yale meno yamekuwa ya kamba. Kesho yatakuwa ya nini? Wewe si ndiye unayekata picha? Ukitaka unakata, ukitaka unaunga."

Mwenyekiti alirudi nyuma kidogo, akaitazama ile picha kubwa kwa jicho jingine, kama bidhaa iliyorudishwa dukani.

"Mzee," Mwalimu Mkuu aliuliza kwa upole, "tuambie tu. Binti yako alikuwa anacheka au hakuwa anacheka?"

Maskini Mzee Cheka. Akisema anacheka, amemmaliza mtoto wake. Akisema hacheki, ni mwongo mbele ya mama aliyemsikia. Na lililomuuma zaidi ni kwamba moyoni bado aliamini kwamba anacheka. Aliutazama tena ule uso, akaona furaha ile ile aliyoiona siku ya kwanza. Bendera, watoto, muziki, jua. Siku ya michezo, mtu atafanya nini kama si kufurahi?

"Mimi ni baba yake," alisema mwishowe.

"Sikuwa nacheka," binti alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuwaambia watoto wafunge madaftari. Wote waligeuka.

"Sikuwa nacheka, wala haikuwa kamba peke yake. Nilikuwa nalia. Matokeo ya chuo yalitoka asubuhi ile. Niliyaona kwenye simu tukiwa tunapanga viti. Nimefeli karatasi moja. Nilijikaza, nikagawa magunia, nikapuliza filimbi. Nilipoingia kwenye kamba nikaona hapo hakuna mtu atakayejua, kila mtu amekunja uso. Basi nikalia. Kamba ilipoisha nikajifuta jasho na mengine yote, nikaenda kumvua mtoto gunia."

Mwalimu Mkuu alivua miwani. "Umefeli, na hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungenithibitisha?"

Mwalimu Mkuu aliirudisha miwani machoni, na hilo lilitosha kuwa jibu. Binti alijua alichofanya. Alikuwa amejivua kosa moja na kujivisha lingine, na hili la pili lilikuwa la kweli.

Mzee Cheka alikaa. Safari hii hakujali bata. Kichwani mwake kulikuwa na dirisha la studio na joho lile, na watu wote aliowasimamisha pale kuwaonyesha. Aliona aibu, kisha akaona aibu ya pili kwa kuwa ya kwanza ilikuwa juu yake mwenyewe na si juu ya mtoto.

Mama Pacha ndiye aliyeinuka. Aliivuta picha kubwa karibu. Kwa kiganja cha kulia alimfunika mtoto wake, gunia na kila kitu. Kwa kiganja cha kushoto akaifunika kamba na walimu wengine. Kikabaki kipande kidogo katikati ya mikono miwili, uso peke yake, bila mchezo na bila mtu wa kuchekwa. Akautazama muda mrefu.

"Huyu analia," alisema. Akaondoa mikono. "Mimi nikijifungia bafuni nakuwa hivi hivi. Nimejiona kwenye kioo."

Binti alikaza midomo, lakini machozi yalikuwa yameshapata njia.

"Nafuta malalamiko yangu," Mama Pacha alimwambia Mwenyekiti. "Kuhusu meno haya nilikosea. Kuhusu watu, sijakosea." Kisha akamgeukia mpiga picha. "Na wewe mzee, siku nyingine mwanangu umwache peke yake kwenye picha yake. Anatosha."

"Nimekusikia, mama," Mzee Cheka alisema.

Uamuzi ulitolewa pale pale. Hakuna onyo wala kosa. Lakini uthibitisho hakuna pia, mpaka karatasi irudiwe na kufaulu. Akifeli tena, nafasi itatangazwa. Hadi hapo aendelee kwa mkataba wa muda. Mwalimu Mkuu alisema amefanya alichoweza, na inawezekana ni kweli.

*

Walikuwa wameshavuka barabara kubwa wakirudi nyumbani.

"Karatasi gani?" Mzee Cheka aliuliza.

"Mbinu za kufundisha hesabu."

"Mama yako alijua?"

"Alijua jioni ile ile."

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia. Niliingia jikoni, akaniuliza nani kafa."

Mzee Cheka alitembea hatua kadhaa akilitafuna hilo. Siku ile ile yeye alimpokea mlangoni, akamwambia amependeza, akamsimulia jinsi picha zilivyotoka vizuri. Alikuwa ameutazama uso ule kutoka karibu kuliko kamera.

"Mimi kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, Baba? Ulikuwa umeshanivalisha joho."

Walipofika alipita moja kwa moja hadi dirishani, akaitoa ile picha, akampelekea mkewe fremu aitumie kwa kazi nyingine. Mkewe aliipokea bila swali, akatoa msumari mdomoni, akaendelea kupigilia. Jirani mmoja alikuja baadaye kuuliza dirisha limepatwa na nini, akaambiwa kioo kinasafishwa.

Wiki ile hakuwachekesha wateja. Mmoja aliuliza kama anaumwa.

*

Fomu ya kurudia mtihani ilitaka picha mbili ndogo. Binti alikuja studio mchana wa Jumamosi, akakalia stuli, akanyoosha kola. Mzee Cheka aliwasha taa zote mbili na kuinamia kamera.

Akauona uso. Nyusi zimesogeleana, midomo imebanwa, macho yanamtazama yeye moja kwa moja bila kupepesa. Haya, alijisemea, leo ndiyo siku yenyewe. Wiki nzima alijua lawama inakuja, na hii hapa imefika, imekaa juu ya stuli. Aliinua kichwa.

"Mwanangu, najua," alianza. "Usifikiri sijui. Nilikutangaza kwa watu kabla ya wakati. Nilimpa yule mama fimbo ya kukuchapia. Na siku ile umelia mbele ya kamera yangu, mimi nikaona nimepata picha nzuri. Una haki ya kunikasirikia, tena una haki ya kunikasirikia mwaka mzima, mimi sitasema..."

Akaishia katikati. Uso wa binti yake haukuwa umebadilika hata kidogo, na Mzee Cheka, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kazi yake, hakuwa na uhakika anatazama nini. Aliiacha kamera, akazunguka meza, akasimama mbele ya stuli.

"Una nini?" aliuliza. "Hapo sasa hivi. Nisaidie, una nini?"

Binti alimtazama kwa mshangao.

"Nina njaa, Baba. Sijala tangu asubuhi."

"Njaa tu?"

"Njaa tu."

Nyuma ya pazia nyundo ilinyamaza, na mama yake akauliza kwa sauti kama kuna mtu anataka chakula, kwa sababu kipo. Mzee Cheka akazima taa moja, akaizima na ya pili.

"Nenda kale kwanza," alimwambia. "Mimi nakusubiri."